Uwanja wa Kuangukia

Kati ya wote waliowahi kuutazama uwanja ule nyuma ya kliniki ya viungo bandia, ni mtu mmoja tu aliyeamini kwamba nyasi zingeota pale, naye ndiye aliyekuwa ameshika jembe. Mtunza bustani huyo, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, alikuwa na maneno machache na majivuno mengi, na majivuno yenyewe alikuwa ameyatolea jasho. Wenzake walimwita Mama Nyasi. Jina lilimkaa, naye akalipenda.

Uwanja haukuwa wa kuonea fahari. Mafundi waliojenga kliniki walikuwa wamefukia kifusi humo, wakasawazisha juu kwa udongo mwekundu, wakaenda zao. Jua lililopiga kutwa nzima likaufanya mgumu kama tofali. Mkuu wa kliniki alikuwa na mpango wa kumwaga zege. Mama Nyasi alimfuata ofisini, akamwambia bila kupepesa macho kwamba anayejifunza kutembea kwa mguu wa bandia anahitaji mahali pa kuanguka, na zege si mahali pa kuangukia. Mkuu alikuna kichwa, akampa miezi mitatu. Nyasi zisiposhika, zege linamwagwa.

Asichomwambia mkuu ni kwamba aliyemkusudia alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Huyu alikuwa fundi wa mapaa aliyeteleza na bati mkononi, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mguu mpya alikuwa nao tayari. Siku ya kwanza kuuvaa alianguka kwenye vigae vya ukumbi wa mazoezi, mbele ya watu, akapasuka kidevu. Alirudi kwenye kiti cha magurudumu na kuapa kwamba juu ya sakafu hasimami tena.

“Basi utasimama juu ya nyasi,” dada yake alimwambia, na kuanzia hapo usingizi wa asubuhi ukamkimbia.

Alichimba kina cha kiganja na nusu, akatoa vipande vya vigae, misumari na ukosi mzima wa shati la fundi fulani. Akachanganya samadi iliyooza sawasawa, majani makavu na mchanga mnene. Mbegu hakutaka hata kuzisikia. Alipanda vipandikizi vya nyasi za kutambaa, kimoja kimoja, akiwa amepiga magoti, kisha akabingirisha pipa la maji juu yake ili mizizi iguse udongo. Majuma mawili ya mwanzo alimwagilia mara tatu kwa siku, kama anayelea kitoto kichanga. Baada ya hapo akaanza kuzibania maji.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Alikuwa akipitisha siku nne, hata tano, bila kufungua bomba. Akitaka kujua kama wakati umefika, alikanyaga nyasi na kutazama nyuma: zikiinuka, anakwenda zake, unyayo ukibaki, anafungulia maji mpaka bisibisi yake ndefu izame ardhini hadi kwenye mpini. Wauguzi walinong'ona kwamba mama amechoka. Mkuu alipita akikunja uso. Mama Nyasi alijitia hamnazo, akaendelea kukata ncha tu, maana nyasi zilizonyolewa kipara haziwezi kuukinga udongo wake na jua.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alimvalisha mdogo wake shati, alimkorogea chai, alimfungia kamba za viatu, kisha akaja naye kliniki akimsukuma mpaka barazani, mkabala na uwanja, na kumwekea jagi la maji ya kunywa karibu na mkono.

Zilipobaki wiki tatu, ukanda mmoja wa nyasi kando ya baraza ulianza kung'aa kijani kibichi, wakati kwingine kote rangi ilikuwa imefifia. Watu wakausifu. Mama Nyasi hakuufurahia. Alichomeka bisibisi: unyevu uliishia pingili moja ya kidole, chini yake palikuwa pakavu. Akashika nyasi akavuta kidogo, na ukanda ukabanduka kama mkeka. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko kucha zake. Akainua macho, akaliona jagi. Lilikuwa tupu, na saa nne haijagonga.

“Ni wewe?” alimuuliza mdogo wake.

“Zilikuwa zinakufa, dada. Kila siku nazitazama zinavyonyauka. Nikashindwa kuvumilia.”

“Hazikuwa zinakufa, zilikuwa na kiu. Kiu ndiyo inazishusha chini kutafuta maji. Wewe ukizinywesha mdomoni kila siku, zishuke kutafuta nini?”

Alisema kwa hasira, maana kazi ya miezi miwili alikuwa ameishika mkononi ikipukutika vumbi. Mdogo wake akatazama viatu vyake.

“Na mimi je?” alisema taratibu. “Hizi kamba asubuhi kanifungia nani? Mikono ninayo yote miwili, dada.”

Maneno yalimchoma. Alitaka kumjibu kwamba yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, kwamba anampenda, na yote yalikuwa kweli, lakini hakuna hata moja lililokuwa jibu. Alirudi kwenye ukanda akaung'oa wote, akaupanda upya.

Kesho yake mdogo mtu alifunga kamba mwenyewe. Ilimchukua robo saa, na nusu yake iliishia kwenye kiatu cha mguu usiojua hata kama umebanwa. Dada yake alikaa jikoni mikono ameikalia. Lilikuwa jambo gumu kuliko kuchimba kifusi.

Siku ya mwisho mkuu alikuja, akachutama katikati ya uwanja, akashika nyasi kwa mikono miwili na kuvuta mpaka shingo ikamwiva. Hazikutoka. Alipangusa viganja na kusema zege watalitafutia kazi nyingine.

Mama Nyasi alilaza ubao juu ya ukanda uliopandwa upya, kisha akaenda kukaa mbali kidogo, juu ya ndoo aliyoigeuza. Mdogo wake alisimama na magongo, akavuka ubao, akayaachia. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu goti lilimsaliti, akaenda chini kifudifudi.

Muuguzi mmoja alikurupuka, Mama Nyasi akamzuia kwa mkono. Mdogo wake aliinua kichwa. Kidevu kilikuwa kizima, kina vumbi tu. Akamtafuta dada yake kwa macho na kunyoosha mkono, kama alivyozoea.

Dada yake hakuinuka.

“Shika nyasi,” alimwambia. “Hazing'oki.”

Aliurudisha mkono chini. Akazishika konzi mbili, akazikaza, akajivuta mpaka magoti yakaja chini ya kifua, na udongo wote ule haukuachia hata unyasi mmoja. Aliposimama, dada yake alikuwa bado amekaa, ameing'ang'ania ndoo kwa mikono yote miwili.