Bafta ya Bi Mwanabaraka

Bi Mwanabaraka alikuwa aende hija mwenyewe. Pasi ya kusafiria ilikuwa tayari, na picha yake ndani amekunja uso utadhani anagombana na mpiga picha. Mwezi wa Rajabu miguu ikavimba, daktari akakataa katakata, na mama akakaa siku tatu hasemi na mtu. Siku ya nne akamwita mwanawe Mjaka, fundi cherehani pale Mtambile.

"Mie sendi," alisema. "Lakini nguo yangu itakwenda. Utaichukua weye."

Nguo yenyewe ilikuwa sanda yake: bafta nyeupe aliyoinunua zamani, akaifukiza udi kila Ramadhani na kuirudisha kashani. Aliikunjua mbele ya mwanawe, akachana ncha yake vipande vitatu vyembamba, vile vya kumfungia maiti kichwani, kiunoni na miguuni. Vipande akavirudisha kashani. Iliyobaki akampa Mjaka.

"Uitose Zamzam. Kisha msirudi kabla hamjafika Baitul Mukadasi na miji ya mitume. Uifikishe kwa Bi Mariamu, pale alipomzaa Nabii Isa. Alizaa peke yake, maskini, hana hata ntu wa kumshika mgongo. Mie nimeshika migongo ya wanawake miaka arubaini. Nataka nguo yangu ifike pale."

Alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa Mtambile walianza kulia mikononi mwake. Mjaka akaapa.

Mwaka huo wa 1961 mahujaji waliotoka Pemba kwa msafara mmoja walikuwa kumi na tisa, chini ya Shehe Pandu. Mjaka alipopanda meli akamwona mtu ambaye angetoa jicho asimwone: Sheikh Thuwein bin Amur, jirani yao.

Babu yake Thuwein ndiye aliyejenga msikiti wa mtaani kwao, na ufunguo wa chumba cha jeneza ulikaa kwa Thuwein. Watoto wake watano wote walipokewa na Bi Mwanabaraka. Halafu siasa ikaingia, na watu wazima na ndevu zao wakaingiwa na wazimu. Wakasusiana maduka, wakasusiana salamu, mwisho wakasusiana hata kuzikana. Mzee Vuai, babake Mjaka, alikuwa chama kimoja, Thuwein chama kingine. Mzee Vuai alipofariki, Mjaka alikwenda kuomba jeneza. Thuwein alimjibu kwamba ufunguo hauonekani, na huku unaning'inia mkandani mwake. Mzee Vuai akapelekwa kaburini juu ya mlango wa jikoni, na Mjaka, aliyeshika pembe moja, alisikia bawaba zikigonga njia nzima. Yalikuwa yamepita miaka miwili, na bado alizisikia.

Basi wakahiji, mmoja huku na mwingine kule. Jidda sanduku la Thuwein likapotea na kila kilichokuwamo, na sanda yake pia. Mjaka alipopata habari alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Toka Madina wakapanda basi kuelekea kaskazini, siku nyingi za vumbi, Thuwein kiti cha mbele na Mjaka kiti cha nyuma kabisa, bafta ya mama mapajani.

Baitul Mukadasi waliswali Msikiti wa Aqsa. Walipanda Mlima wa Zaituni, wakateremka hadi kwenye kaburi la Bi Mariamu, wakapelekwa mto Yordani, nao ni mto mdogo tu wa maji ya tope. Mjaka alitia kila kitu moyoni ili akamhadithie mama. Bethlehemu waliingia kanisani kwa kuinama, mlango wenyewe mfupi, wakashuka ngazi mpaka kwenye pango la uzazi. Taa za mafuta zilining'inia juu ya mahali penyewe. Mjaka akapiga magoti, akaitandaza bafta. Padri mmoja mwenye ndevu nyingi akamjia, na Mjaka akajua sasa anafukuzwa. Padri akaisogeza taa moja kando, mafuta yasije yakadondokea nguo, kisha akaenda zake.

Alipoinuka akamkuta Thuwein nyuma yake.

"Ya nani hiyo?" Thuwein aliuliza. Lilikuwa neno la kwanza baina yao tangu siku ya ufunguo.

"Ya mamaangu."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Thuwein akatangulia kupanda ngazi.

Siku ya pili walikwenda Al-Khalil, alikozikwa Nabii Ibrahim na Bi Sara, na huko Thuwein akashikwa na tumbo la kuhara. Hata nguo zake za ihramu, ambazo zingemfaa kwa sanda, zikaharibika. Asubuhi ya tatu akamwita Mjaka kitandani, kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kuliko wengine wanavyokonda kwa mwaka.

"Mjaka, mie sifiki nyumbani," alisema. "Hapa watanizika kwa nguo ya sadaka, kama ntu asiye na kwao. Nguo ya mamako imetoka kwetu. Nakuomba."

Mjaka alitaka kusema mengi. Alitaka kumuuliza ufunguo ulionekana wapi. Akasema moja tu.

"Hapana."

Thuwein akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Una haki," alisema. "Nisalimie mamako. Mwambie anisamehe."

Kabla ya adhuhuri akafariki. Mwoshaji wa pale alipomaliza kazi yake akawageukia wageni, akauliza sanda. Wote walijua bafta iko kwa nani. Shehe Pandu hakumtazama Mjaka, na kule kutotazamwa ndiko kulikomvunja. Akaenda kwenye mfuko wake, akaitoa bafta ya mama, akaikabidhi kwa mikono miwili. Na yeye ndiye fundi, basi akaikata mwenyewe, machozi yakimtoka asijue anamlilia nani.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na dhiki moja: atamwambia nini mama? Aliwaomba wenzake wamwachie jambo lile aliseme mwenyewe. Waliposhuka Mkoani akaambiwa Bi Mwanabaraka hainuki tena. Mjaka hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipanda gari hadi Chake Chake, akatafuta duka baada ya duka, akapata bafta ya aina ile ile. Akaitosa kwenye Zamzam aliyokuja nayo, akaianika, akaifukiza udi, akaikunja kama ilivyokunjwa ile. Akajiona mjanja.

Mama alikuwa amebaki macho na mifupa. Alimsikiliza akisimulia mto na mlima na pango, na alipofika kwa padri aliyesogeza taa, mama akatabasamu. Kisha akaomba nguo yake. Akaipapasa. Akaomba kashani vile vipande vitatu, akaishika ncha ya bafta na kuweka kipande kimoja pembeni yake.

Ncha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, imenyooka. Kipande kilikuwa kimechanwa kwa mkono, nyuzi zake zinatoka huku na huku.

"Mjaka," alisema mama. "Nguo yangu iko wapi?"

Mjaka akaanguka miguuni pake, akaeleza yote. Aliposema jina la Thuwein, mama akafumba macho. Mjaka akamaliza kwa kusema, "Nisamehe, mama. Alimnyima baba jeneza, na mie nikampa sanda yako. Nipe radhi, usiondoke umenikasirikia."

Mama akafumbua macho.

"Alikuomba mwenyewe?"

"Aliniomba."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hapana. Nilikuja kumpa alipokwisha kufa."

Hapo ndipo Bi Mwanabaraka alipolia. Alilia kwa sauti, mwanamke ambaye hakulia hata mlango wa jikoni ulipotoka na mumewe juu yake.

"Basi kaondoka anajua kuwa mie nimemnyima," alisema. "Nguo si kitu, mwanangu. Nguo ungempa. Lakini ulikuwa na neno moja la kumpa ntu anayekufa, na neno hilo ukanitilia mdomoni mwangu."

Mjaka alijua ni kweli, na alijua hakuna basi wala meli ya kumrudisha kwenye kile kitanda.

Mama akapumzika, akajifuta uso kwa ile bafta ya Chake.

"Nenda kwa mkewe, Zuweina. Mwambie mumewe kazikwa na nguo ya kwetu. Na mwambie alipoomba, alipewa. Pale pale."

"Mama, huo ni uwongo."

"Ni uwongo," alisema Bi Mwanabaraka. "Weye umeniletea wako hapa, umeukunja vizuri. Sasa ubebe na wangu. Ukirudi, radhi yangu utaikuta."

Mjaka akatoka, akakatiza shamba la mikarafuu, akapita msikitini na kile chumba chenye kufuli, akafika kwa Thuwein. Bi Zuweina alikuwa ndani ya eda. Mjaka akaketi sebuleni, na mjane akasema naye kutoka nyuma ya pazia. Habari ya sanduku lililopotea alikuwa nayo. Mumewe alimwandikia kutoka Madina.

"Tangu ilipokuja simu ya kifo silali," alisema ile sauti. "Sanda yake nilimkunjia mwenyewe. Nasema, kazikwa na nini, bwana wa watu, huko ugenini?"

"Kazikwa na bafta ya mamaangu, Bi Zuweina."

Pazia likavutwa kidogo, kama mtu amelishika.

"Ya Bi Mwanabaraka? Yeye, baada ya yale?"

"Yake."

"Na Thuwein aliambiwa? Alijua, kabla hajafa?"

Mjaka alikiona tena kile kichwa kikitikisika taratibu juu ya mto. Akashukuru Mungu kwa lile pazia.

"Alijua," alisema.