Mtungi Uliokataa Kuchacha

Alhamisi saa nne asubuhi Debora alifunua mtungi kwa mara ya saba, akatia kidole, akalamba. Siku ya nne tangu achanganye kimea na uji wa mtama, pombe ilikuwa bado tamu kama togwa ya watoto, imetulia, bila hata tone la povu.

Jirani yake Generosa, karani wa wizara aliyezaliwa Bukoba, aliingia na kikombe cha chai mkononi, akatega sikio kwenye mtungi.

"Hausemi kitu," alisema. "Labda ni hii baridi yenu ya Julai."

"Nimeufunika mablanketi mawili. Nimeusogeza karibu na mafiga. Kimea nimeongeza."

"Kimea chenyewe ulikitoa wapi?"

"Kaburini kwa Joel."

Joel alikuwa mumewe. Alizikwa mwaka jana kwenye kona ya shamba lao, nje kidogo ya Miyuji. Kabla tanga halijaondolewa, Zablon, kaka wa Joel, aliusogeza mpaka wa shamba lake hatua arobaini ndani ya lao, akang'oa msalaba, akapanda zabibu juu ya kaburi. Katikati ya mizabibu, juu ya Joel hasa, mtama ukaota wenyewe. Debora aliuvuna mchana kweupe, akauloweka, akaufunika gunia hadi ukachipua. Alipousaga alimtaja Zablon kwa jina kila jiwe lilipokwenda na kurudi. Alimchukia na hakuona haya kumchukia.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoa tanga la Joel, kufunga msiba wa mwaka mzima. Katika ukoo wa Joel, maneno ya ardhi husemwa siku hiyo tu, vikombe vikishazunguka. Pasipo pombe hakuna kikao, na Debora angengoja mpaka ukoo upate kifo kingine ndipo asikilizwe. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ijumaa Zablon alifika kwa bodaboda, makasi ya kupogolea zabibu yakiwa mfukoni. Kuonja ni kazi ya kaka wa marehemu.

"Mbukwa, shemeji," alimwamkia Kigogo.

"Mbukwa."

Debora alimjazia kata mpaka ukingoni, akiomba moyoni impasue. Zablon aliimaliza yote.

"Hii ni togwa, shemeji. Kesho utatuaibisha." Akafuta mdomo, akaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi Zablon alianza kuchacha. Kufikia saa tatu tumbo lilikuwa limefura na lilikuwa likivuma hata watoto wakasogea kulisikiliza. Saa tano, aliposhuka uani kwa Debora, povu lilikuwa likimtoka kwenye ncha za vidole. Mgeni mmoja alimkingia kikombe ili asichafue mkeka. Mzee Meshack, msemaji wa kikao, alikipokea, akaonja.

"Hii imeiva," alisema.

Generosa alikwenda kuchungulia mtungi. Ulikuwa mkavu, kama umeoshwa na kuanikwa.

Wakamkalisha Zablon kwenye kiti cha plastiki, kila mkono juu ya ndoo yake. Alikuwa na maumivu makali, na Debora alifurahi waziwazi. Pombe ilikuwa kali, safi, ikinukia udongo wa mvua ya kwanza. Wazee waliutambua udongo huo kwa harufu, wakautaja: kona ya Joel. Vikombe vilipozunguka mara mbili, Debora alisimama.

"Wazee wangu, mnajua mnachokunywa. Kimeota juu ya Joel. Msalaba wake uko wapi? Muulizeni huyo anayewanywesha."

"Niliung'oa," Zablon alisema, povu likimchuruzika viganjani. "Uko bandani kwangu."

Hakuna aliyebisha. Mzee Meshack alitazama kikombe chake, kilichobaki nusu.

"Mwanangu, umesema kweli tupu. Lakini pombe ya leo imetoka kwa nani?"

Debora alizitazama ndoo mbili chini ya mikono ya Zablon.

"Mwenye pombe hashtakiwi kwenye pombe yake. Ndivyo tulivyorithi. Tunamshukuru Zablon kwa kutunywesha. Ardhi itangoja tanga lingine."

Akamaliza kikombe, akakinga tena.

Jumatatu tumbo la Zablon lilikuwa bapa na vidole vyake vikavu. Alikuwa shambani akipogoa zabibu juu ya Joel, akipiga mluzi. Debora alipita mpakani. Kati ya mashina mtama ulikuwa umeota tena na kukomaa, masuke yameinama. Aliingia, akayakata yote mbele ya macho ya Zablon, akaondoka nayo.

Nyumbani aliyapura, akaloweka mtama. Kesho yake, alipokuwa akiufunika gunia, Generosa alimkuta.

"Unaanza tena? Na akiionja tena yule?"

"Safari hii nitaonja mimi. Mwenye pombe hashtakiwi."

"Lakini si walisema mpaka pawe na tanga? Tanga la nani?"

Debora alibana pembe za gunia kwa mawe, akaketi kando yake, akaanza kunoa panga.