Ndege wa Saa Kumi na Moja

"Kuna nini leo?" Mama Pindo aliuliza, uso ameuelekeza dirishani na mikono ameiweka mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Binti yake alivua viatu kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu saa mbili asubuhi, na soksi zilikuwa zimemwachia pete nyekundu juu ya vifundo vya miguu. Akavuta kigoda, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha.

"Mnana wetu yupo," alisema. "Lile dume la njano. Anatengeneza mlango wa kiota, kichwa chini miguu juu. Mkewe amekaa pembeni anamkagua."

"Anamkagua vipi?"

"Kama ulivyokuwa ukikagua madaftari yangu. Hajaridhika hata kidogo."

Mama Pindo akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Na mwingine?"

"Mwingine..." Binti alifumba macho, maana uchovu ulikuwa umemzidi. "Kuna mgeni, mama. Mdogo, wa bluu. Bluu tupu, kama wino. Ametua tawi la chini la mpera, anaangaza huku na huku utadhani amekosea nyumba."

Mama Pindo alilitazama tawi la chini la mpera. Halikuwa na ndege wa bluu wala wa rangi nyingine. Palikuwa na jani moja kavu lililokuwa likining'inia.

"Wa bluu! Jamani!" alisema, akapiga makofi. "Mwanangu, kibustani chetu hiki kina bahati."

Kwa maana Mama Pindo alikuwa anaona. Aliona mpera, aliona kamba ya nguo na beseni lililopasuka ukingo, aliona binti yake amefumba macho akimtungia ndege ili amfurahishe. Alikuwa anaona hivyo kwa mwaka mmoja na nusu, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Uongo huo haukuanza kama uongo. Macho yalikuwa yamefunga kweli, yote mawili, ukungu juu ya ukungu, hata akashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Binti, aliyekuwa amepanga chumba chake mtaa wa pili na kuishi anavyotaka, alirudisha kitanda chake nyumbani siku hiyohiyo. Baadaye jicho moja lilipasuliwa. Daktari alipolifungua alisema nuru huenda ikarudi polepole, na huenda isirudi.

Ilirudi, asubuhi moja, binti akiwa kazini. Kitu cha njano kilipita mbele ya dirisha kikiburuta unyasi mrefu kuliko chenyewe, na Mama Pindo akasimama katikati ya chumba akilia kwa furaha. Siku nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia mwanawe. Lakini jioni binti aliingia, akavuta kigoda, akaanza kumsimulia ndege kama alivyokuwa akifanya kila siku saa kumi na moja. Sauti ilikuwa laini, sauti ambayo mama hakuwa ameisikia tangu mtoto alipoanza kuvaa sare ya shule. Akaona amwache amalize. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Kesho ile ikawa wiki, ikawa miezi. Kliniki alipooneshwa ubao wa herufi alisema anaona weupe tu, na daktari akakuna kichwa. Nyumbani alijifunza kupapasa ukuta anaoufahamu na kumwaga chai kidogo kila siku ya pili. Asubuhi binti alimtungia nyuzi sindano kumi, akazichomeka kwa mstari kwenye kimto, ili mama apinde pindo za nguo za watu kwa kuhisi tu kwa vidole. Kazi hiyo peke yake ndiyo iliyombakia, na ndiyo iliyompa jina. Siku ambazo sindano zote kumi ziliisha mapema, alitunga ya kumi na moja mwenyewe, kwa jaribio moja, na kabla ya jioni aliuchomoa uzi. Aliona haya kila alipouchomoa, lakini aliuchomoa.

Mabaki ya nyuzi hakuyatupa. Aliyatundika kwenye mpera kwa ajili ya mnana, ambaye alimwita fundi mwenzake. Mwaka uliotangulia upepo ulikuwa umekiangusha kiota chake na mayai yakapasuka juu ya saruji, na Mama Pindo alimlaumu kwa vifaa. Majani mabichi! Nani anashona kwa majani? Kwa hiyo alipoletewa mapazia ya ukumbi ayapinde, kwa uzi mwekundu wa nailoni, ule usiokatika kwa mkono wala kwa meno, alikusanya vipande vyote virefu akampelekea. Ndege alivichukua kimoja kimoja. Kiota kikatoka na michirizi myekundu, kimekaza barabara, na Mama Pindo akajisikia fahari ambayo hakuweza kumwambia mtu.

Kulikuwa na Bwana Nguzo pia. Huyo alikuwa fundi umeme, mpole, mwenye viganja vya kupandia nguzo, na jina la Nguzo alipewa na Mama Pindo kwa kumkebehi. Alimpenda binti. Alikuwa amehamishiwa kituo cha kazi cha mbali, safari ya siku mbili, na kabla ya kuondoka alitaka kujua kama atakwenda na mke. Wiki kadhaa baada ya ndege wa bluu, alikuja sebuleni, akakaa na kofia yake magotini, akasema wazi. Atangoja jibu mpaka Jumapili.

Binti alikuwa na miaka thelathini na sita. Mama Pindo aliijua hesabu hiyo, na bado siku ile Bwana Nguzo alipoaga, yeye alipapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, akakiangusha. Binti aliokota vigae. Usiku ule mama hakupata usingizi, na alijichukia, lakini asubuhi alipapasa ukuta kama kawaida.

Ikafika Jumamosi. Mama Pindo alikuwa amepiga moyo konde kwamba leo, baada ya ndege, atasema. Jibu lilikuwa linatakiwa kesho, na bado kulikuwa na muda. Alikuwa hata ameyapanga maneno: mwanangu, kuna nuru kidogo imeanza kurudi. Alitaka kuusema ukweli kwa kipimo, usimtoke wote kwa pamoja.

"Kuna nini leo?" aliuliza.

"Makinda yanatoka!" Binti alisimama kabisa. "Mama, yanatoka! La kwanza limeshatua kwenye tawi, linatetemeka. La pili hilo, linasukumwa na mama yake. Limeruka! La tatu..."

Akashika fremu ya dirisha.

Mama Pindo aliona. Kinda la tatu lilikuwa limejirusha kutoka mlangoni mwa kiota likaishia hewani, limening'inia mguu mmoja kwenye uzi mwekundu, likipiga mabawa na kujizungusha. Minana wawili walikuwa wakilizunguka huku wakipiga kelele.

"La tatu?" alisema mama.

"La tatu nalo limeruka," alisema binti. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na sauti yake ilikuwa inatabasamu. "Yote matatu, mama. Vizuri ajabu."

"Mbona wazazi wanalia hivyo?"

"Furaha tu. Ngoja nikaangalie jiko, nadhani nimeliacha linawaka."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, mbio. Mama Pindo angeweza kutulia pale pale alipo. Binti angelitoa kinda, angerudi, angesema jiko lilikuwa limezimwa, na maisha yangeendelea. Alimwona anapanda juu ya beseni lililogeuzwa, anaunyoosha mkono, anaushika uzi na kuuvuta. Uzi haukukatika. Akauzungushia kidoleni akauvuta tena, kwa nguvu zaidi, na fundo likajikaza juu ya ule mguu mwembamba.

Mtu aliyeshona miaka arobaini hawezi kuangalia uzi ukivutwa namna ile. Maneno yalimponyoka kabla ya akili.

"Usivute! Unakaza! Kata hapo juu, penye kikonyo!"

Binti aliganda, mikono juu. Kisha akageuka polepole kulitazama dirisha.

Mama Pindo alikwisha kuchukua mkasi. Alitoka nje, akateremka ngazi mbili bila kushika ukuta, akapinda kichwa kuipita kamba ya nguo, akaizunguka ndoo. Alikata uzi juu, akakata tena karibu na ukucha, na kinda likadondoka kwenye kiganja cha binti. Mguu ulikuwa umeteguka ukaelekea nyuma. Likafumbua mdomo mara mbili, tatu, kama linalotaka kulishwa, na halikufumbua tena.

Walikaa kwenye ngazi. Binti hakulia sasa. Alikuwa anamtazama mama yake machoni, kutoka jicho hili kwenda lile, kama anayetafuta kasoro kwenye noti.

"Tangu lini?"

"Mwanangu, nilikuwa leo nataka..."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Binti alihesabu kwa midomo. "Kwa hiyo yule wa bluu."

"Wa bluu, ndiyo."

"Ulijua hayupo."

"Nilijua."

"Na ukapiga makofi."

Mama Pindo alijifuta viganja kwenye gauni, akajikaza, akasema alichokuwa amejiandaa kusema, ingawa hakikuwa na mpangilio tena. "Kesho Bwana Nguzo anakuja. Mwambie ndiyo. Mimi sindano natunga mwenyewe, chai napika, sihitaji mtu. Nenda, mama. Nenda naye."

"Nilimjibu Jumanne."

"Jumanne?"

"Hakuna sababu ya kumtesa mtu mpaka Jumapili. Jana amepakia mizigo, ameondoka." Alikuwa akilisawazisha bawa la kinda kwa kidole, polepole. "Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia mama yangu haoni, nikiondoka hana macho mengine. Alisema ananiheshimu kwa hilo, akanipa mkono."

"Mpigie simu! Mpigie sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie..."

"Nimwambie alikuwa anaona? Aliona siku uliyokuja, aliona kofia yako, alikiona na kikombe?" Binti alisubiri, na alisubiri kweli, kama mtu anayetaka msaada. "Nitungie, mama. Wewe fundi. Nitungie neno moja la kumwambia, nitampigia."

Mama Pindo alifungua mdomo. Alitafuta mwaka mzima na nusu yake katika kichwa chake na hakupata hata neno moja ambalo angeweza kumpa mwanawe alipeleke kwa mtu. Minana walikuwa bado wanalia juu ya mpera. Binti akainuka, akachimba kishimo kwa kijiko karibu na ukuta, akafukia, akaosha kijiko.

Hakuna ugomvi uliofuata, na hilo ndilo lililomtisha Mama Pindo. Alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kitanda kurudishwa mtaa wa pili. Jumatatu asubuhi alikuta kwenye kimto sindano kumi zimetungwa, nyuzi za urefu uleule, fundo dogo mwisho wa kila moja. Alizitazama mpaka jua likafika mezani. Hakuzigusa.

Saa kumi na moja mlango ulifunguka. Binti alivua viatu, akavuta kigoda, akakaa mahali pake na kuegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Nje kulikuwa na tetere wawili chini ya kamba ya nguo, na shore mmoja alikuwa ametoboa pera na kujipaka usoni. Mnana dume alikuwa anabomoa kiota chake, anachomoa unyasi mmoja mmoja na kuuachia uanguke, na alipofika kwenye uzi mwekundu aliuvuta, ukagoma, akauvuta tena.

Mama Pindo aliweka mikono mapajani. Alijua asiulize, akauliza, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine ya saa ile.

"Kuna nini leo?"

Binti aliangalia nje kwa muda mrefu, macho wazi.

"Hakuna kitu," alisema.

"Haya," alijibu mama, na wote wawili wakaendelea kutazama.