Mahali Kimondo Kilipoangukia

Dakta Ethel alikuwa mtoto wa Masasi, wa pale Mkomaindo, aliyesomea mambo ya nyota. Kimondo kilipopita juu ya Newala mwezi wa Juni, kikanguruma mpaka mabati yakatetemeka, yeye ndiye aliyekokotoa njia yake. Aliona si haki waliokishuhudia wakose kuambiwa kilikuwa nini. Basi mwezi wa Agosti alipanda hadi Mnyambe, kijiji cha huko Newala, na projekta yake, darasa likafurika watu.

"Ni jiwe tu kutoka angani," aliwaeleza. "Halina sumu, wala halileti ugonjwa."

 Mwaka ule maua ya mikorosho yalikuwa yamenyauka kijiji kizima.

"Daktari," alisema Nurdini, mwenyekiti wa kijiji, "liliangukia wapi hasa?"

Ethel alifurahi kuulizwa. Akaikuza ramani ukutani: bonde, njia panda, kisha paa moja lililojitenga.

"Hapa, au jirani na hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Nurdini na wanaume waliokaa nyuma wakainuka, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Waliobaki walimgeukia bibi mmoja aliyeketi dirishani, naye akajifunika kanga vizuri.

"Shikamoo, mama," Ethel alimwambia watu walipokwisha kutawanyika. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Dauda. Ile uliyowaonyesha ni nyumba yangu. Tangu maua ya mikorosho yanyauke wananitazama hivi, kama mchawi. Walikuwa hawajapata sababu."

 Ethel akampakia garini, wakateremka bondeni.

Wanaume walikuwa wamekwisha fika. Walichimba uani, walichimba chini ya mikorosho, na mlangoni udongo mbichi ulikuwa ukitupwa kutoka ndani ya nyumba. Walipomwona Mama Dauda walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," kisha wakaendelea na majembe. Adabu ile ndiyo iliyomtisha Ethel kuliko matusi.

"Jiwe lenyewe huenda ni dogo kama korosho!" alipaza sauti. "Na likipatikana halina madhara!"

"Umesema liko hapa," alijibu Nurdini. "Sisi tunalitafuta. Tukilikosa, tutamwuliza yeye amelificha wapi."

Ethel hakuwahi kusema uongo juu ya kazi yake. Siku ile alisema. "Nilikosea hesabu. Lilivuka Ruvuma, liko Msumbiji."

Majembe yakatulia. Nurdini akamtazama, akamtazama na bibi aliyesimama nyuma yake.

"Kule shuleni ulikuwa na hakika," alisema taratibu. "Amekupa nini njiani?"

 Mama Dauda akamshika Ethel mkono.

"Twende, mwanangu. Usiseme tena."

Alipanda garini na kanga aliyokuwa nayo mwilini tu, nyumba yake hakuigeukia. Ethel akawasha gari kuelekea Masasi. Kwenye kioo aliwaona wanaume wakiwa wamesimama barabarani, majembe mabegani, wakitazama gari linaelekea upande gani.