Kugusa Sikio

Januari ile, zama za ruksa ya biashara huria zikiwa zimepamba moto na wafanyabiashara wakifuata mbuzi hadi vijijini, Yudith aliondoka nyumbani alfajiri, peke yake, kwenda kuandikishwa darasa la kwanza. Baba yake, Nathanaeli, alimkuta ng'ambo ya stesheni ya Zuzu akitembea kando ya reli, miguu imejaa vumbi na mbigili.

"Rudi, mwanangu. Mbuzi umewaachia nani?"

"Nitawachunga jioni, baba. Leo nakwenda shule."

Mtoto mbishi huyo, hasemezeki. Nathanaeli akamfuata nyuma kana kwamba yeye ndiye anayepelekwa.

Ilikuwa mara ya tatu. Shuleni, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipimwa kwa mkono: aupitishe juu ya utosi, aguse sikio la upande wa pili. Akigusa, basi amefikisha miaka saba. Yudith alikuwa mfupi, na mikono yake mifupi. Mara zote mbili vidole viliishia kwenye nywele, akarudishwa, akalia njia nzima. Tangu hapo, kila akiwa machungani alining'inia kwenye tawi la mti ili mkono urefuke.

Na mara zote mbili Mwalimu Dorothea alimgeukia baba. "Mzee, huyu alizaliwa lini?"

Nathanaeli alijua fika. Yudith alizaliwa wiki ile treni ilipopita na askari waliorudi kutoka vita vya Kagera, kijiji kizima kimejipanga kando ya reli kikipiga vigelegele. Angesema hivyo tu, mwalimu angepiga hesabu mwenyewe. Lakini bei ya mbuzi ilikuwa imepanda, na mchungaji mwingine hakuwa naye.

"Sijui, mwalimu," alijibu. "Mkono utasema."

Safari hii Yudith aliamkia, akasimama wima, akanyoosha mkono. Kidole cha kati kikagusa ncha ya sikio. Mwalimu akamwandika miaka saba, naye alikuwa anakaribia kumi. Nathanaeli akafungua mdomo, kisha akaufunga. Kusema sasa kungemuumbua, na pengine kungemkosesha mtoto nafasi. Aliona aibu, akajuta.

Njiani kurudi, Yudith alimshika baba yake mkono.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nimekusumbua miaka yote hii. Mkono wangu ndio uliochelewa."

Nathanaeli alikuwa na jibu lake, tena lilikuwa fupi. Badala yake akamwambia asijali, yamekwisha.