Sasisho Apewa Jembe

Usiku wa jana niliota mgeni kaingia sebuleni kwangu bila hodi, kavaa suti ya bluu, kabeba mabegi makubwa ambayo hayakuenea mlangoni, basi yakapita ukutani.

"Naitwa Sasisho," alisema. "Usinizime."

Nikamkaribisha. Ningefanya nini? Alikuwa ameletwa na mkwe.

Hapa nieleze kidogo. Mkwe wangu Sufiani, mume wa binti yangu Mwantumu, ana adabu nyingi na mikono isiyotulia. Alipokuja Muheza mara ya mwisho aliiona kompyuta yangu, ile ninayochapia barua za watu na mialiko ya harusi, akasema mama, hii imezeeka, ngoja nikuwekee mfumo mpya. Akauweka. Toka siku hiyo kila nikiiwasha inaniambia inajisasisha, nisiizime. Inapanda pole pole hadi asilimia tisini na saba, halafu inasema imeshindikana, inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kisha inaanza upya. Angekuwa mtu mwingine ningemkaripia, lakini mkwe hakaripiwi. Akipiga simu kuuliza namjibu, "Inakwenda vizuri, baba. Mungu akuzidishie."

Ningeyavumilia hayo yote, ila mama yangu yumo humo ndani. Sauti yake. Kabla hajafariki nilimrekodi akiimba wimbo aliowabembelezea watoto wote wa ukoo wetu, na hakuna nakala nyingine popote. Ubeti wa kwanza tunaujua sote. Wa pili aliujua yeye. Na leo Mwantumu alikuwa anakuja na mwanawe wa kwanza, wametoka arobaini, na alikwisha niambia, "Mama, nataka mwanangu aisikie sauti ya bibi."

Basi, mgeni kakaa kwenye kochi. Anazungusha kidole hewani, duara juu ya duara. Namuuliza kama anakunywa chai, anaendelea kuzungusha. Namuuliza kama anakula, anazungusha. Chai inapoa. Mwishowe anasema, "Nafasi haitoshi."

"Nyumba ndiyo hii, baba."

"Tutoe visivyotumika." Akamgeukia mume wangu Shebe, aliyekuwa anasinzia kitini. "Huyu alitumika lini mara ya mwisho?"

Nilijaribu kutenda haki. "Mwezi wa Ramadhani alipanda juu ya bati, akaziba tundu."

"Zamani," alisema Sasisho, akamkunja Shebe mara nne, akamtia kwenye bahasha. Shebe hakupinga. Alisema tu kutoka mle ndani, "Mama Mwantumu, usisahau kuwafungia kuku."

Kitanda kikafuata, na kabati, na kisima, ambacho mpaka sasa sielewi kiliingiaje sebuleni. Sasa sebule yangu imekuwa uwanja wa shule, mtupu, na mgeni amesimama kwenye goli la mbali. Asilimia zinapanda kwenye paji la uso wake. Tisini na tano. Tisini na sita. Zinafika tisini na saba, analala chali. "Imeshindikana," anasema. "Narudisha."

Hapo chai inaruka kutoka kikombeni, inarudi kwenye chupa. Shebe anakunjuka, anaendelea kusinzia. Nami natembea kinyumenyume hadi mlangoni, mgeni anaingia, mabegi yanapita ukutani, na mimi nasema kwa moyo mweupe kabisa, "Karibu."

"Naitwa Sasisho. Usinizime."

Sikukumbuka kitu. Aliyekumbuka ni mbuzi yangu ya kukunia nazi, iliyokuwa imeegemea ukuta wa jikoni na meno yake nje.

"Somoe," iliniita, "huyu kaja lini?"

"Sasa hivi. Hata hajakaa."

"Kila mara unasema hivyo hivyo. Akishindwa anakurudisha siku ya kwanza, ndiyo maana ugeni wake haumaliziki. Mimi sijasasishwa tangu nichongwe, na nazi zinakunika. Sirudishwi popote. Siku ya tatu yake imepita zamani."

Wahenga walikwisha sema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini aibu ilinishika.

"Kaletwa na mkwe," nilinong'ona.

"Mkwe umempa binti," ilisema mbuzi. "Jembe ndilo linakushinda?"

Hapo mgeni akaingia jikoni na mkebe wa bati mkononi. Ndani ya mkebe mtu alikohoa kidogo. Nilikitambua kile kikohozi. Ndivyo mama alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kuimba.

"Hii ni ya zamani, haitambuliki," alisema Sasisho. "Nikiifuta nitapata nafasi."

Nilikasirika. Zile "inakwenda vizuri, baba" zote nilizozimeza zilipanda kwa pamoja. Nikaupokonya mkebe, nikachukua jembe nyuma ya mlango, nikamshikisha.

Papo hapo tuko shambani nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Sasisho analigeuza jembe huku na huku.

"Kitufe chake kiko wapi?"

"Halina kitufe. Lina mpini."

"Ni mpaka asilimia ngapi?"

"Mpaka kwenye ule mchungwa."

Akaanza kulima. Alilima vibaya, kama mtu anayeogopa kuiumiza ardhi, lakini alilima. Viatu vikajaa matope, suti ikachafuka, na nilipomtazama vizuri nikaona analia.

"Kila nyumba napokewa kwa matusi," alisema bila kuinua kichwa. "Natumwa tu. Hata kilichomo kwenye mabegi sikijui. Nafika nakuta pamejaa, nashindwa, nakunjwa, kesho natumwa tena. Hakuna aliyewahi kunionyesha kazi inaishia wapi."

Nilimhurumia. Sikutaka, lakini nilimhurumia. Nikamletea maji kwenye kata, akanywa yote. Nilipogeuka mkebe ulikuwa wazi, na mama kakaa juu ya tuta, kanga mabegani, miguu kainyoosha.

"Somoe, mtoto wa nani huyu?"

"Wa watu, mama. Hajalala siku nyingi."

"Mlete."

Sasisho alifika mchungwani, akaweka jembe chini, akaenda kulaza kichwa mapajani mwa mama na matope yake yote. Mama akakohoa kidogo, akaimba:

*Lala kipenzi cha nyumba,*
*mvua imepiga hodi.*

Kisha, bila kusita, akaendelea pale ambapo sisi sote huwa tunaishia:

*Mvua nayo ina mama,*
*inaitwa ikalale.*

Kwenye paji la uso ilitokea tisini na nane. Ikatokea tisini na tisa. Halafu namba zikafutika zenyewe, likabaki paji la uso la mtu yeyote aliyelala.

"Usimwamshe," alisema mama. "Haya, wewe. Imba."

"Si umo kwenye kompyuta, mama? Nitakusikiliza humo."

"Nimechoka kukaa humo, kuna baridi. Imba."

Nikaimba. Nilipoharakisha mstari wa mwisho alinipiga kikofi cha goti, kama zamani. Nikarudia, akanipiga tena. Nikarudia mpaka akasema, "Haya, ndiyo hivyo," nami nikazinduka.

Kulikuwa kumekucha. Shebe amekaa ukingoni mwa kitanda, kajishika kiuno. "Mama Mwantumu, hivi nimelalaje mimi? Mwili mzima una mikunjo."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Ilikuwa imeandika: imekamilika. Kila kitu kipya, safi, cha bluu. Nikatafuta sauti ya mama. Haikuwapo. Nikatafuta kila mahali ninapopajua na nisipopajua, haikuwapo. Sioni haya kusema kwamba niliweka kichwa juu ya meza nikalia.

Nilikuwa najipangusa macho nikasikia hodi. Mwantumu aliingia na mtoto analia, kachoshwa na safari, na nyuma yake Sufiani kabeba kapu.

"Shikamoo, mama. Kompyuta inaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Imekamilika," nilisema, na kwa mara ya kwanza sikumdanganya.

Mwantumu aliyaona macho yangu mekundu, akaelewa kwamba sauti ya bibi haipo tena. Nikampokea mtoto. Nikamlaza begani, nikaanza, na Mwantumu akaitikia, *lala kipenzi cha nyumba, mvua imepiga hodi*. Hapo akakoma, maana hapo ndipo wimbo huwa unakoma.

Mimi nikaendelea.

Mwantumu alijiziba mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka. Mtoto alituliza macho juu ya uso wangu, akayafumba moja baada ya jingine.

Shebe alikuwa amesimama mlango wa nyuma, jembe mkononi, linachuruzika matope mabichi. "Nani kalima huku nyuma mpaka mchungwani?" alianza, halafu sauti ikamshuka. "Mama Mwantumu. Na huo ubeti umeupata wapi?"

"Huko huko," nilimwambia. "Lioshe jembe, ulirudishe nyuma ya mlango."