Gauni Lililofumuliwa Kiunoni

Fundi cherehani alikuwa mtu wa vipimo. Hakupata kumkatia mteja nguo kwa kukadiria kwa jicho, na waliomwambia, "Fundi, wewe kata tu, unanijua," aliwajibu kwamba aliyemjua ni yule wa mwaka jana. Huyu wa leo hajampima. Kwa hiyo binti yake aliporudi kutoka hospitali, mtoto wake mchanga mgongoni mwa shangazi yake, baba huyo alimsimamisha karibu na dirisha la karakana na kumzungushia futi kiunoni kabla hata ya kumwuliza kama amekula.

Siku chache kabla, huko hospitalini, daktari wa moyo, mwanamke wa maneno machache, alikuwa amewaeleza ugonjwa kwa kuwachorea. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vile vya chini ndivyo viitwavyo ventrikali, na ndivyo vyenye kazi nzito: ya kulia hupeleka damu mapafuni, ya kushoto huipeleka mwili mzima. Ventrikali ya kushoto ya binti ilikuwa imelegea. Ni maradhi yanayowapata wanawake wachache karibu na kujifungua, wala hakuna ajuaye sawasawa kwa nini.

"Imetanuka, mzee," alisema daktari. "Ukuta wake umekuwa mwembamba, haina nguvu ya kusukuma. Damu ikikwama nyuma yake, maji hujaa mapafuni na miguuni."

Fundi aliutazama mchoro kwa makini. "Nguo ikipwaya, mimi huipunguza. Huu nao hauwezi kupunguzwa?"

"Dawa zitajaribu, polepole. Moyo hauna mshono wa kufumua."

Akawaandikia vidonge, kimojawapo cha kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Akawaonya juu ya chumvi. Mwisho akasema kwamba uzito wa mgonjwa ukipanda kwa ghafula, wamrudishe bila kungoja. Onyo hilo baba na binti walilisikia wote wawili, wakaitikia kwa heshima, na wote wawili hawakulitia maanani. Kwani binti alikuwa amekondeana mikono na uso, na haikuwaingia akilini kwamba mtu wa namna ile angeweza kudhurika kwa kuongezeka.

Kila Jumamosi, akiisha kufunga karakana, fundi alimpima mwanawe. Kila Jumamosi kiuno kilikuwa kimepungua. Alilipunguza gauni lake la buluu, akalipunguza tena, na kila alipokata uzi uso ulimkunjamana.

"Kaka, hicho kidonge cha maji kinamla mtoto," dada yake alimwambia. "Anakwenda msalani kama aliyetumwa, na kila akitoka huko amepungua. Karibu tutamtundika kwenye hanga pamoja na makoti ya wateja."

"Daktari ndiye aliyekitoa."

"Daktari hamvishi. Anayemvisha ni wewe."

Neno hilo lilimwingia. Alikuwa mtu mwadilifu, mzee wa kanisa, asiyejua kudharau wenye elimu. Lakini alishika futi mkononi, na futi haikupata kumdanganya maisha yake yote. Jioni ile akakata kauli: vidonge vingine viendelee, kile cha maji kiwekwe kando mpaka binti ajae kidogo. Binti mwenyewe alikuwa amechoka kukatiza kunyonyesha kila mara ili akimbilie msalani. Hakubisha.

Naye akajaa kweli. Mashavu yalirudi, kiuno kikaongezeka, na fundi akalifumua gauni la buluu akiimba tenzi juu ya cherehani, jambo ambalo wateja walikuwa hawajalisikia tangu mkewe afariki. Alikuwa ameacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, nayo akaitoa yote kwa furaha.

"Sasa hata kiti kinajua kuwa umekaa," shangazi alimtania.

"Viatu navyo vinanibana, shangazi."

"Vinabana kwa sababu miguu nayo imepata habari njema. Mwache baba yako akununulie vingine."

Binti alicheka, akakohoa, akashika ukingo wa meza. "Baba, nikilala chali pumzi inanipotea."

"Ongeza mto, mwanangu."

Aliongeza mto, kisha wa pili, na baada ya hapo akahamia kwenye kiti cha mikono cha karakana, akawa analala amekaa, kichwa kikiegemea majora ya vitambaa. Baba alipomkuta hivyo asubuhi alimfunika shuka, akasema moyoni kwamba ni uchovu wa kunyonyesha. Angeweza kujua zaidi ya hapo. Aliambiwa, na kwa lugha aliyoielewa. Lakini alikuwa amekwisha kufurahi, na mtu aliyekwisha kufurahi hapendi kuulizwa.

Siku ya kuanguka, binti alikuwa akianua nepi uani. Shangazi alimwita, akamwita tena, ndipo akamwona amepiga magoti chini ya kamba, kinywa wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu, akivuta hewa isiyoingia.

Hospitalini daktari yule yule alimkandamiza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Fundi alilitazama lile shimo likikataa kujaa.

"Lakini alikuwa ameanza kunenepa," alisema.

"Haya ni maji, mzee." Akamtazama. "Kile kidonge cha maji alikuwa akimeza?"

Fundi hakujua kusema uongo, wala hakujaribu. "Nilikizuia mimi."

Daktari hakumkemea, ingawa fundi alikuwa amesimama wima akingoja kukemewa. Alimtoa nje ukumbini, akamweleza. Ventrikali ilikuwa imetanuka kuliko mara ya kwanza. Damu ilikuwa imeganda ndani yake. Mapigo yalikuwa yameanza kuvurugika, na saa yoyote ventrikali ingeweza kuacha kupiga, ikawa inatetema tu, bila kutoa damu yoyote. Maji wangeyatoa, walikuwa wameanza kuyatoa. Ule ukuta hawakuwa na njia ya kuurudisha.

"Kama angemeza kidonge?" fundi aliuliza.

"Huenda angepona. Wako wanaopona. Huenda asingepona. Sitakudanganya kwa upande wowote."

Aliingia wodini. Binti alikuwa ameketishwa kwa mito, bomba la oksijeni puani. Gauni la buluu walikuwa wamelikata kwa mkasi toka shingoni ili wamfikie kifuani, likawekwa kwenye mfuko chini ya kitanda.

"Amesemaje?"

Akamwambia yote, kwa mpangilio, bila kuruka neno, kama mtu asomaye mbele ya watu. Mwishoni akasema, "Aliyekosa ni mimi."

"Usimbebeshe shangazi."

"Sikumtaja."

"Nami nilikuwa na mdomo wa kumezea, baba. Kilikuwa mezani kila siku. Nilipenda kukuona unaimba." Akapumzika ili apate hewa. "Nani atamlea mtoto?"

Baba wa mtoto alikwenda zake kabla hajazaliwa. Shangazi alikuwa hawezi tena kupanda ngazi mbili pasipo kuketi. Fundi mwenyewe alipitisha uzi sindanoni kwa msaada wa miwani na jirani. Alijua kwamba binti alitaka jibu, si faraja, ndivyo alivyomlea.

"Baba."

"Nakusikia."

Alifikiri akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Binti alingoja, macho hayakumwacha, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Muuguzi akapita akisema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha. Fundi akainama, akamrekebishia mto mgongoni, akatoka hajajibu.